Matanga ya Simu za Vitufe

Habari ya kufariki kwa Mwamini ililetwa na dereva wa pikipiki aliyetoka Kabambare, wakati tulipokuwa tukichambua mchele jikoni. Alizima chombo chake, akavua kofia yake iliyojaa vumbi, akasema kwa sauti ya chini: "Mama Mukubwa, ule mama wa kule amepumzika. Walimuzika jana." Nilimwambia aketi anywe maji, nami nikaendelea kuchambua hadi ungo ukawa safi, maana watoto walikuwa hawajala. Baadaye nikamwita mjukuu wangu, nikamwambia alete kalamu na aandike kama ninavyosema, bila kuongeza machozi ambayo mimi sikuyatoa. Sikuingia darasani hata siku moja. Maandishi nayatazama kama ninavyoyatazama mapambo ya mkeka: najua ni kazi ya mikono ya mtu, lakini kwangu yananyamaza. Sauti ndiyo ninayoijua, na habari hii ni ya sauti.

Wazee wenzangu wakikumbuka ujana hukumbuka ngoma, mahari na miguu isiyouma. Mwaka ninaoutamani mimi ulinikuta na mvi, nikiwa mjane, na bado nauita ujana wangu, kwa kuwa kabla ya mwaka huo hakuna mtu aliyewahi kunichekesha jua likiwa halijatoka. Mwamini alikuwa mke mwenzangu. Mume wetu tumwache alale. Habari hii si yake. Inatosha kusema kwamba mimi nilikaa hapa Kasongo, Mwamini akakaa pembeni ya Kabambare kwenye mashamba ya kwao, na yule bwana alikuwa njiani kati yetu maisha yake yote. Alipofariki tuliwekwa katika chumba kimoja cha matanga, yeye kwenye mkeka wa dirishani, mimi kwenye mkeka wa mlangoni, na katikati yetu wakajaa ndugu za marehemu. Hatukusemezana neno isipokuwa "nipishe" na "chumvi iko wapi". Kila mmoja wetu alimjua mwenzake kwa malalamiko ya yule yule mtu. Mimi niliambiwa kwamba Mwamini ni mvivu. Yeye aliambiwa kwamba mimi ni mkali. La kwanza lilikuwa uongo.

Siku za matanga zilipokwisha alirudi kwao, na katika mgawo wa vitu alichukua simu ya marehemu, simu ndogo ya vitufe, nzito kama jiwe la kusagia pilipili, ambayo hakuna mwingine aliyeitaka. Nami sikuwaza kwamba nitamsikia tena. Lakini mwaka huo Ramazani, mtoto wa kaka yangu, alikuwa amerudi kutoka masomoni Kindu na kufungua chumba cha kutengeneza simu karibu na soko. Kilikuwa chumba chembamba chenye harufu ya risasi ya kulehemu iliyoyeyushwa. Juu ya bati aliweka sahani za umeme wa jua, na ukutani zilining'inia simu za watu kama samaki wanaokaushwa. Wakati huo mimi nilikuwa mkubwa wa chama cha akina mama wachuuzi. Sisi wa Kasongo tulikuwa na mpunga na mawese, wa Nyangwe samaki, wa Lusangi karanga na muhogo, na vyote hivyo vilipanda kwenda Salamabila, kwa wachimbaji wa dhahabu ambao hula na hawalimi. Wengi wetu hatukujua kusoma. Kwa ajili hiyo Ramazani alitengeneza programu ya sauti tupu. Unabonyeza, unasema, unaachia. Sauti yako inakaa ndani ya simu ikingoja rezo, yaani mtandao, ipite, kisha inakwenda yenyewe. Ukitaka, unasema na mtu mmoja. Ukitaka, unasema na chama chote. Aliipa jina la Kifaransa, lakini sisi tuliiita Kinywa. Akaiweka katika simu za kila namna, zile za kioo za wenye uwezo na zile za vitufe za sisi wengine, na hata ile ya Kabambare ikawekewa na fundi wa kule aliyekuwa rafiki yake, kwa sababu Mwamini naye aliuza karanga.

Sauti yake ya kwanza ilinifikia alfajiri, nikiwa napuliza makaa. Ilianza kwa kukohoa, kama mtu anayebisha hodi. "Mukubwa, miye Mwamini. Niko naongea na hii kitu, sijui kama inanisikia. Nauliza ile mupunga ya Kasongo itapanda siku gani." Hapo nikadhani amemaliza, lakini nyuma ya sauti kukawa na jogoo, na kinu kikitwangwa, kisha akaongeza: "Na marehemu alikuwa anasemaka mboga yako ya sombe iko chumvi tupu. Nilikuwa nataka uelewe." Nilikaa pale na koleo mkononi. Binti yangu akaacha kufagia, akanitazama, kwa kuwa sauti ile ilikuwa imesikika hadi uani. Nikabonyeza nikajibu: "Mpunga unapanda Alhamisi. Na kwangu alisema sombe yako haina chumvi hata chembe, ndiyo maana kila mara alirudi hapa." Jibu lilichelewa hadi saa ya chakula cha mchana, rezo ilipopita. Halikuwa na maneno. Lilikuwa kicheko kirefu cha mwanamke aliye peke yake ndani ya nyumba, kikapanda, kikashuka, kikakatika.

Tangu siku hiyo hapakuwa na alfajiri bila yeye. Nikitoka kuswali nilichukua simu kabla ya kushika maji ya chai, nami si mtu wa kuacha maji yangoje. Alinisimulia mambo yasiyo na faida yoyote: kuku aliyekataa kulalia mayai yake na kulalia viatu vya mkwe, jirani aliyeoga na kusahau kuvaa, mhubiri aliyelala katika mahubiri yake mwenyewe. Nyuma ya maneno yake nilisikia nyumba nzima ambayo sijawahi kuingia. Nilijua mlango wake unalia mara mbili, mara kwa kufunguliwa na mara kwa kujirudia wenyewe. Nilijua pikipiki za Salamabila zinapita kwake kabla ya jua na kwamba yeye hunyamaza zipite, kisha huendelea pale pale alipoachia, hata kama ni katikati ya neno. Tulitukanana sana. Mimi nilimwita Bi Mudogo ingawa alikuwa bibi mzima. Yeye aliniita Mukubwa kwa namna ambayo ilinifanya niwe mdogo. "Mukubwa, weye unaongea kama chef de poste wa serikali. Cheka kidogo, hautakufa." Wajukuu zangu walizoea kunikuta nikicheka na jiwe langu la simu, wakakimbia kuambizana. Mtu mkali akicheka, watoto hudhani anaumwa.

Katika miezi hiyo ndipo nilipojua kwamba macho yake yanazimika. Hakunieleza, jambo hilo nililisikia katika maneno yake. Siku moja alisema chungu kimevunjika, siku nyingine kwamba amemwagia mbuzi chai. Nikamuuliza waziwazi, akajibu: "Jicho moja imefunga duka. Ingine inafungua asubuhi tu." Nikamuuliza basi anaitumiaje simu. "Hii? Hii haina shida. Kuna kitufe cha katikati kiko na kinundu. Miye natafuta kinundu na kidole, kutoka pale najua njia zote. Ni kama kutembea mu nyumba yangu." Wajukuu zake wote walikuwa wameondoka kwenda machimboni, na binti pekee aliyebaki alilala shambani siku nyingi. Kile kinundu kidogo, ambacho mtengenezaji wa simu huenda alikiweka bila kufikiri, kilikuwa mlango wake wa kutokea kwenda duniani.

Mwaka ulipofika katikati, Ramazani alituita. Tuliketi barazani kwangu, akina mama wa Kasongo, wa Nyangwe na wa Lusangi, juu ya mikeka. Nikawapikia wali na samaki wa Nyangwe, kwa sababu sijui kuendesha kikao cha watu wenye njaa. Ramazani aliposhiba alifuta mikono akasema: "Wamama, nataka kufunga simu za zamani. Kinywa haitafanya kazi tena ndani yao." Kelele zikapanda. Mama Furaha, Mkristo wa chama chetu, muuza samaki wa chumvi, akauliza kwa nini kitu kinachofanya kazi kifungwe. Ramazani hakukasirika, ni kijana wa subira. Alisema kila simu ina mfumo wake ndani, ule unaoiendesha, na programu hukaa ndani ya mfumo huo. "Muchukue kama kinu na muchi. Mufumo ni kinu, programu ni muchi. Kinywa imekua, muchi imekuwa muzito. Kinu ya zamani nikitwangia, itapasuka. Sasa kila kitu nachonga mara mbili, muchi moja ya vinu vipya na ingine ya vinu vya zamani, na miye niko mutu moja." Mwanamke wa Lusangi akasema, "Chonga tu, weye kijana," na watu wakacheka. Ramazani hakucheka. Alisema kuna jambo zito kuliko uchovu wake. Sauti zetu zilipita njiani zikiwa wazi, na mtu mwenye ujuzi angeweza kuzisikiliza. Simu mpya zinaweza kubeba kufuli. Za zamani haziwezi. "Sauti ya chama inakwenda kwa kila mutu. Kama kuna simu moja haina kufuli, sauti inatoka bila kufuli kwa wote. Siwezi kufunga mulango na kuuacha wazi kwa mutu moja."

Niliyaelewa maneno yale yote, na nilijua ni ya kweli. Nilijua pia ni simu ya nani iliyokuwa katika akili yangu. Wenye simu za vitufe walikuwa wengi siku hiyo, na hakuna aliyeniangalia kwa namna ya pekee. Waliniangalia kama mkubwa wao, wakasema nitoe siku ya kufunga. Nikaomba kwanza vyombo viondolewe. Kisha nikasema kwamba jambo hili ni matanga, na tutalifanya kama matanga. Kwetu msiba ukiingia, mikeka haikunjwi wala nyumba haifagiwi mpaka ndugu aliye mbali zaidi awe amefika. Kama hawezi kufika, ni lazima alete ruhusa kwa kinywa chake mwenyewe. Si kwa kinywa cha mkwe, wala cha jirani, wala cha mtu aliyemwonea huruma. Nimeona watu wakilala chini mwezi mzima wakimngoja kaka aliye Kalemie. Basi nikasema: tutaanza kubadilisha simu leo, kila mmoja kwa uwezo wake na kwa msaada wa chama, na siku ya kufunga ni siku atakayofika wa mwisho. Ramazani akauliza: "Shangazi, na kama wa mwisho hafiki?" Nikamjibu, "Atasema."

Waliitikia wote, na kweli walianza kufika. Wa Nyangwe walibadilisha kwanza, maana samaki walikuwa wengi msimu ule. Wa Lusangi walifuata. Yule mwanamke aliyewachekesha watu alinijia na simu yake mpya ya kioo, ameifunga katika kitambaa cha kanga kama mtoto mchanga, akiogopa kuigusa. Mimi na wengine tulipewa zilizotumika, ambazo Ramazani alizikarabati katika chumba chake. Ikabaki ya Kabambare. Nilinunua simu ya kioo, nikamkabidhi dereva niliyemwamini, nikamwonya kwamba akiivunja nitamfuata hadi kwa mama yake. Siku chache baadaye ilikuja sauti kutoka kwenye ile ile simu ya zamani.

"Mukubwa, asante kwa kioo. Iko laini muzuri. Nimepitisha kidole juu, chini, pembeni: hapana kitu. Ni kama kupapasa maji. Binti yangu alinishika mukono, akaniwekea, nikabonyeza, ikaita mutu wa Bukavu nisiyemujua. Tulisalimiana. Iko mutu muzuri." Akanyamaza, pikipiki zikapita. "Nimeifungia mu sanduku. Utaniwia radhi."

Nilipeleka habari kwa Ramazani. Alijaribu kwa uwezo wake wote, na ninataka hilo liandikwe. Alitafuta simu mpya yenye vitufe. Zile alizopata zilikuwa na mfumo wa zamani vilevile. Alijaribu kubandika vinundu vya gundi juu ya kioo, lakini kioo kilibadilisha picha zake na vinundu vikabaki vinaelekeza mahali pasipo kitu. Akasema: "Shangazi, ningeweza kumuachia Kinywa yake peke yake, mbali na chama. Lakini ile mashine inayopokea sauti za zamani inakufa, na vipande vyake havitengenezwi tena. Nikiiendesha kwa ajili ya mutu moja, siku moja itazima katikati ya neno, na hataelewa kwa nini." Nilijua kwamba Mwamini angeendelea kubonyeza kinundu chake asubuhi baada ya asubuhi, akidhani ni mimi nisiyejibu.

Tulingoja. Kila kikao mtu aliuliza, nami nilijibu kwamba aliye mbali hajafika. Walikuwa watu wa heshima. Walizoea matanga marefu. Kisha Mama Furaha akapanda kwenda Salamabila na mizigo yake ya samaki. Kama ilivyokuwa kawaida yetu, alisema katika Kinywa cha chama siku atakayoondoka na njia atakayopita, ili wa kule wajiandae. Watu wa porini, wale wenye bunduki, walimngoja kwenye kona. Hawakupiga kelele. Mmoja wao alimwita kwa jina lake: "Mama Furaha, tulisikia utapita asubuhi. Umechelewa, tumeungua na jua." Walichukua samaki wote, wakachukua na viatu vyake, na dereva wake alipigwa kwa kitako cha bunduki hadi akazimia.

Alinijia mguu ukiwa umefungwa kitambaa. Nilikuwa natwanga, nikaacha mchi ndani ya kinu. Nilitarajia matusi, na ningeyapokea. Alikaa juu ya kigoda, akakubali maji, akazungumza taratibu. "Mama, miye siko nakulaumu. Tulisema wote tutangoja, na miye nilisema. Nauliza tu kitu moja: ule tunayemungoja, anajua tunamungoja?" Nikasema hajui. Nilikuwa nimemweleza Mwamini habari ya simu mpya na za zamani. Sikuwa nimemweleza kwamba mlango wa chama kizima umesimama wazi kwa ajili yake. Mama Furaha aliinama akarekebisha kitambaa cha mguu wake. "Basi mwambie. Kama ni miye, ningependa kuambiwa."

Nilisema na Mwamini alfajiri iliyofuata. Sikupamba maneno. Nilimweleza habari ya kufuli, ya kona, ya dereva aliyepigwa. Nikamweleza kwamba yeye ndiye wa mwisho, na kwamba kwa desturi yetu mikeka haitakunjwa mpaka afike au aseme. Nikamaliza kwa kusema: "Bi Mudogo, sikuombi neno lolote. Nakueleza mahali ulipo." Niliinua kidole kwenye kioo, na siku hiyo maji ya chai yalikauka motoni.

Jibu lilifika tulipokuwa tunakula mchana. Nilitoka nje nalo, nikasimama nyuma ya jiko. Alikohoa kwanza. "Mukubwa, nimesikia. Kumbe miye niko mutu mukubwa hivi, Kasongo muzima inaningoja! Bwana yetu hakuningojaka hata siku moja. Chakula alikuwa anamaliza." Akacheka, lakini si sana. "Sasa sikia, na uwapelekee wote wasikie. Miye Mwamini, miye niliye mbali, nasema na kinywa yangu mwenyewe: kunjeni mikeka. Fagieni nyumba. Mutoto wa watu asipigwe mu njia kwa sababu ya kidole yangu." Mlango wake ukalia, ukajirudia. Nikadhani amekwisha. "Lakini usifunge leo. Funga kesho swala ikiisha. Leo niko na maneno."

Na kweli alikuwa nayo. Alasiri ile yote sauti zilikuja moja baada ya nyingine, kila rezo ilipopita, na mimi sikwenda sokoni, sikupika, sikupokea mgeni. Hakusema jambo hata moja la kuagana. Aliniambia namna ya kukausha karanga zisiote ukungu. Aliniambia kwamba siku za matanga aliniona nimelala nikiwa nimekumbatia sufuria, na akatamani sana kucheka. Aliuliza nywele zangu zina rangi gani sasa. Aliniambia jina la utoto wake, ambalo hata marehemu hakulijua, na ambalo sitalitaja hapa. Nilijibu kila kitu. Sauti yake ya mwisho ilikatika katikati ya habari ya mbuzi, na nilijua kwamba chaji imekwisha na kwamba hakuna wa kumpelekea simu dukani kabla ya kesho.

Asubuhi nilikwenda kwenye chumba cha kazi cha Ramazani pamoja na Mama Furaha, aliyekuwa akichechemea, na wengine wachache. Nikawasikilizisha ile ruhusa, kila mtu akaisikia kwa masikio yake. Ramazani alinisogezea mashine: "Shangazi, bonyeza weye." Nikakataa. Nikamwambia kazi ni yake na mkono uwe wake. Mimi nilitoa siku, sikuwa fundi. Akabonyeza. Hapakuwa na mlio wowote. Nje mtu alikuwa akibishana na mwenzake juu ya tairi. Mama Furaha alinishika bega, na niliuacha mkono wake ukae pale, jambo ambalo si desturi yangu.

Ramazani sasa ana vijana wanaofanya kazi chini yake, na programu zake zinatumika hata mahali nisipopajua. Kila mara wanapotaka kuacha mifumo ya zamani huja kunisalimu, wanakula, kisha wananisomea majina ya miji ambako bado kuna watu wenye simu zile. Siwazuii. Sijawahi kumwambia mtu kwamba milango isifungwe. Huwauliza tu ni nani aliye mbali zaidi, na kama amesema, na kama alisema mwenyewe. Mara nyingine hawajui, wanarudi kuuliza. Wakiisha kuondoka nabaki barazani nikiwa na hasira isiyo na mwenyewe, kwa sababu ruhusa ya mtu haimrudishi.

Baada ya kufungwa, alfajiri zangu zilikuwa na ukubwa ambao sikuujua. Niliswali, nikaweka maji, yakachemka kwa wakati wake. Mkono wangu ulikwenda rafuni wenyewe na kurudi mtupu. Madereva walileta salamu: "Ule mama anakusalimia." "Nami namsalimia." Salamu kutoka kinywani mwa dereva ni kama chakula kilichotafunwa na mwingine. Kiangazi kilipokausha barabara, nikafunga nguo zangu, nikapanda pikipiki kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikiwa nimemkataza dereva kusema nami wala kugeuka, nikaenda Kabambare.

Alisimama mlangoni, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Akanipapasa uso, mabega, akasema, "Kumbe uko mufupi." Binti yake alitandika mkeka, akaleta bugali na majani ya muhogo, tukala. Na hapo, katika nyumba ambayo nilijua kila mlio wake, tulikosa la kusema. "Safari ilikuwa namna gani?" "Nzuri." "Watoto?" "Wazima. Na wa kwako?" "Wazima." Tuliketi kama wageni wawili wanaomngoja mwenye nyumba. Siku iliyofuata ikawa hivyo, na nyingine hivyo. Akiniletea maji nilisema asante. Nikimsogezea kigoda alisema asante. Nilimtazama na sikumwona yule wa alfajiri. Niliona mjane wa mume wangu, na bila shaka yeye alihisi mbele yake uzito wa bibi mkubwa, akanyoosha mgongo. Nilitamani kumsikia Mwamini, nami nilikuwa nimekaa karibu naye hadi magoti yetu yanagusana. Jioni moja nikaanza kukunja nguo zangu. Alisikia kitambaa kinakunjwa.

"Mukubwa," akasema, "toka."

"Niende wapi?"

"Ingia mule chumba ya karanga, nyuma ya ukuta. Kaa kule. Hapa tunasumbuana."

Sikuzoea kuamriwa. Lakini nilitoka, nikaingia ghalani, nikakaa juu ya magunia, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nikitazama ukuta wa udongo ambao haukufika juu kwenye paa. Palikuwa na harufu ya vumbi na karanga mbichi. Sikumwona wala yeye hangeniona hata angekuwa na macho. Muda ukapita. Kisha nikasikia, ng'ambo ya ukuta, kikohozi kile.

"Mukubwa. Uko?"

"Niko."

"Toka ulipofika silali. Unakoroma."

"Mimi sikoromi."

"Basi kuna ng'ombe imeingia pamoja na weye. Mwambie anipatie maziwa."

Nikacheka hadi magunia yakatikisika, naye akacheka, kile kicheko kirefu kinachopanda na kushuka, na safari hii hakikukatika. Nguo zangu nilizikunjua. Nilikaa kwake mpaka mvua za kwanza. Kila alfajiri, baada ya swala, nilichukua chai yangu nikaingia kwenye karanga, yeye akabaki kitandani, na kati yetu hapakuwa na kitu isipokuwa udongo.